Tangi Mgongoni mwa Shangazi

Shangazi yangu ni muuguzi mstaafu na mzee wa kanisa kule Kiamunyi. Mwaka jana alinipigia simu niende kwake upesi, tena nisimwambie mama, ambaye ni wifi yake. Nilipofika alinipeleka stoo akafunua turubai. Chini yake kulikuwa na pikipiki ya marehemu mume wake.

“Nataka kuiendesha,” akasema. “Lakini kwanza tangi lipakwe rangi. Zambarau.”

Mimi huuza spea mjini Nakuru, kwa hivyo nilichungulia ndani kwanza. Kutu ilikuwa imeganda kama ukoko wa ugali. Nikamwambia tungepaka rangi bure kama ndani kunaoza.

Tulilifungua tangi, tukamwaga petroli kuukuu kwenye mtungi, nje, mbali na jiko. Tukaliosha kwa maji ya sabuni mara nne na kuliacha wazi uani siku mbili, mpaka harufu ikaisha kabisa. Kisha nikaziba tundu la chini kwa mpira, tukajaza siki, kifuniko kikabaki kimelegea. Kesho yake nikapunguza siki, nikatumbukiza kipande cha mnyororo wa zamani kikwangue kutu, nikakaza kifuniko. Ikabaki kutikisa.

Nilitikisa mpaka mikono ikafa ganzi. Shangazi aliingia ndani akarudi na leso.

“Nifungie mgongoni. Wanangu sita wote nimewabeba hivi.”

Nikamfungia tangi. Akaanza kucheza uani huku akiimba pambio, mnyororo ukigonga nyuma yake shaka-shaka. Ndipo lango likafunguka, akaingia mke wa mchungaji na trei ya mayai.

“Mama, huyo ni mtoto wa nani?”

Shangazi hakusita hata kidogo. “Wa marehemu. Nimemgundua juzi tu.”

Mke wa mchungaji aliyaweka mayai chini polepole. “Na mbona analia hivyo?”

“Ana kitu kifuani. Tunamtibu kwa siki.”

Mimi nilikuwa nimegeukia ukuta, nimeuma kola ya shati. Mgeni alisogea, akainua ncha ya leso kwa vidole viwili, akakutana uso kwa uso na kifuniko cha petroli. Alicheka mpaka akakaa kwenye nyasi. Kisha akapangusa macho, akasema, “Leta nikupokee. Umechoka.”

Walipokezana hadi saa kumi. Siki ilitoka nyekundu kama chai iliyochemka mno. Tukasuuza kwa maji ya magadi kuua ukali, tukalikausha juani haraka, nikazungusha oili kidogo ndani kutu isirudi. Baadaye nikapiga msasa nje, nikafunga barakoa na kupaka zambarau.

Mama alijua Jumamosi iliyofuata, pikipiki ilipoingia uani kwake na akina mama wawili wenye helmeti. Alinigeukia mimi.

“Ulijua.”

Nikamwambia mimi ni muuzaji wa spea tu.