Mama Elinami Alipopangua Mizigo

Namshukuru Mungu Baba, anilazaye na kuniamsha, aliyenipa miaka mingi kuliko nilivyostahili na wajukuu wa kuichangamsha. Sifa ni zake kabla sijasema lolote. Mimi ni mzee wa kanisa, na nimefundishwa kwamba hatuwaiti waliolala mauti. Sikumwita mke wangu. Nasimulia tu nililoliona, na aliyeruhusu nilione ni Yeye.

Usiku ule tulikuwa tumeshapakia gari. Asubuhi yake tungeondoka Dodoma kwenda nyumbani Moshi kula Krismasi, kama familia zetu zifanyavyo kila Desemba. Ingekuwa Krismasi ya kwanza bila mke wangu, Mama Elinami, aliyefariki wakati wa masika na kuzikwa pale pale kihambani, kwenye shamba letu la ukoo, katikati ya migomba aliyoipanda mwenyewe.

Jioni hiyo mwanangu mkubwa, Elinami, alikuwa juu ya gari akifunga turubai kwenye keria. Mkewe, Upendo, alimpandishia mizigo huku akimcheka.

"Baba Anna, mchele wote huu, kwani Moshi hakuna maduka?"

"Nikifika bila kitu mashangazi watanitafuna mimi."

Binti yao, Anna, akachungulia kiti cha nyuma. Palikuwa pamejaa: kreti ya soda, ndoo ya mafuta ya kula, maboksi ya zabibu. "Babu, sasa mimi nikae juu ya zabibu?"

"Ukikaa hapo tutafika na juisi," nikamwambia, tukacheka sote.

Kisha Upendo akauliza kwa sauti ya chini, "Na Amini?"

Elinami akavuta kamba mpaka ikalia. "Amini ni mtu mzima. Mabasi yapo."

Amini ni kitinda mimba wangu, naye siku hizi anaishi mji huu huu. Mama yao alipofariki, yeye alikuwa kazini mbali, machimboni, kanda ya ziwa. Elinami ndiye aliyepanga siku ya maziko, na alikataa kuisogeza mbele, kwa kuwa watu walikwisha kutangaziwa na mchungaji alikuwa na safari. Amini alifika jioni, akakuta wanawake wanapanga maua juu ya udongo. Hakulia. Alimtazama kaka yake, akageuka, akarudi alikotoka. Tangu siku hiyo hawakusemezana. Nilizungumza na kila mmoja kwa wakati wake, nikaomba, nikangoja. Hofu yangu ilikuwa moja: kwamba na mimi nitakapofariki, wanangu watasimama pande mbili za kaburi kama watu wasiojuana.

Nikalala na hofu hiyo.

Nikaona ni mchana, nasi tunapakia gari lile lile. Mama Elinami anatoka jikoni, amejifunga kitenge chake cha kwaya, mikono imelowa kama mtu aliyekuwa akiosha vyombo. Hakuna anayeshtuka. Hata mimi sikushtuka. Niliona tu kwamba ni vizuri amekuja, maana yeye ndiye aliyejua kupanga mizigo ikaenea.

Lakini hapangi. Anapangua. Anaitoa kreti ya soda, anaiweka chini. Anaitoa ndoo. Anayatoa maboksi, moja baada ya jingine. Kila anachokitoa, Elinami anakirudisha, naye anakitoa tena, bila hasira, kwa utaratibu ule ule aliokuwa nao akipepeta mahindi. Nataka kumsaidia, mikono yangu haifiki.

Natazama chini, naona udongo si wa Dodoma. Ni mweusi, una unyevu. Gari limesimama kihambani, kati ya migomba, na maji ya mfereji yanapita chini ya magurudumu. Upendo na Anna hawapo tena. Mama Elinami ameinama kwenye mpaka wa shamba, anachuma jani la sale. Msomaji ambaye si wa kwetu na ajue: kwa Wachaga, aliyekukosea akija kwako na jani hilo mkononi, humfukuzi. Hata kosa liwe la damu, humfukuzi kabla ya kumsikiliza.

Analipiga fundo. Analilaza kwenye kiti cha nyuma, pale alipopaacha wazi. Kisha ananitazama, na uso wake ni ule wa siku za watoto wetu wakiwa wadogo.

"Baba Elinami," anasema, "Amini hakuniaga."

"Amekataa kwenda," nikasema.

"Hajaitwa."

Elinami amesimama kando, ameshika kamba, na sasa ni mtoto wa shule, kaptula inampita magoti. Mama yake anamfuta vumbi usoni kwa kiganja chake chenye maji. Hamgombezi. Anamwambia taratibu, "Mlete aniage."

Akaingia migombani, majani yakajifunga nyuma yake, nikabaki nasikiliza maji ya mfereji. Nikaamka uso umelowa.

Nilipiga magoti hapo hapo kando ya kitanda. Nilipotoka nje kulikuwa kumeanza kupambazuka, na Elinami alikuwa akikagua upepo wa matairi. Nikamsimulia yote, sikuongeza neno. Alisikiliza ameinama. Nilipofika pale pa kufutwa uso, akakaa kwenye kizingiti.

"Hakusema kwamba nimekosa?"

"Hakusema."

"Afadhali angesema, baba."

 Akainuka, akafungua mlango wa nyuma, akaanza kutoa maboksi. "Twende wote," akasema. "Nikienda peke yangu hatanifungulia."

Amini alifungua mlango akiwa na mswaki mdomoni. Alipomwona kaka yake akataka kuufunga, ila mimi nilikuwa nimesimama nyuma, akaona haya. Elinami hakuwa na sale. Dodoma angelipata wapi? Alisimama tu mbele ya mdogo wake, mikono haijui pa kukaa.

"Nilimfukia mama kabla hujamwona," akasema. "Ningeweza kukungoja, sikukungoja. Nisamehe, mdogo wangu. Twende ukamuage."

 Amini alitazama chini mpaka nikaanza kuomba kimoyomoyo. Halafu akatema povu la dawa ya meno pembeni, akajipangusa mdomo, macho yamejaa machozi.

"Ngojeni nivae," akasema.

Nawe unayesoma, Bwana akulinde uendapo na urudipo. Na kama yuko nduguyo ambaye hajaitwa, Bwana akupe unyenyekevu wa kumwita angali anasikia. Amina.