Siku Niliyogeuka Kasa Nikafungiwa Mlango

Nichekeni tu, maana hata mimi nikikumbuka siku ile huwa nakunja uso peke yangu kwenye metro mpaka wenzangu wananipisha kiti. Niseme aibu yenyewe kabla sijaanza kuipamba: mimi, mtoto wa Kilwa niliyekuja Guangzhou kwa ufadhili kusomea uvuvi, nilinasa wavuni ndani ya ukumbi wa chuo, mchana kweupe, nimefungwa beseni la kijani mgongoni, walimu na wanafunzi wamejaa wananitazama, na wavu wenyewe niliutengeneza mimi.

Ilikuwa hivi. Meli zinazokokota nyavu kutafuta kambamiti hazichagui, wavu unapita chini huko unazoa kila kilichopo, na kasa akiingia ndiyo basi tena, kwa sababu ni lazima apande juu kuvuta pumzi na humo hawezi kupanda. Dawa yake ipo: ndani ya wavu unaweka fito zilizoinama, kambamiti wanapenya katikati ya fito wanaendelea nyuma, kasa anazigonga, anateleza juu, na hapo juu umeacha tundu lililofunikwa kipande cha wavu kinacholegea kama pazia, anakisukuma, huyoo, anakwenda zake. Mwalimu wangu (tunamwita Laoshi, ndiyo mwalimu kwa Kichina) alikuwa na nafasi moja kwenye meli ya kujaribu kifaa hicho baharini, tunaoitaka tuko wawili, na kila mmoja alitakiwa kuonyesha cha kwake ukumbini. Mimi niliitaka vibaya sana. Baba yangu alifanya kazi kwenye meli za kambamiti nyumbani, na kasa waliokufa ni yeye aliyekuwa akiwasukumia majini kwa mguu, na mpaka leo ukimuuliza habari hiyo anabadilisha mazungumzo.

Wavu nilikuwa naushonea Xiaobei, mtaa wa Guangzhou wenye Waafrika wengi, kwenye chumba cha mizigo cha Mama Kulwa, mfanyabiashara wa nguo kutoka Shinyanga. Huyu mama ndiye aliyenipokea nilipofika sijui hata kununua maji, akanilisha ugali na dagaa alizokuja nazo mwenyewe, na kwa kushona marobota hana mpinzani: robota lake likishushwa bandarini Dar hata soksi moja haijachungulia nje.

Asubuhi ya siku yenyewe ilibaki mishono michache ubavuni. Nikajitazama kwenye kioo nikaona nywele hazifanani na mtu wa kupewa meli (na hapa ndipo nilipojimaliza). Nikamwambia, "Mama, nimalizie hapa pembeni, naenda kunyoa mara moja." Nikamwachia wavu na sindano ya magunia, nikashuka mtaa wa jirani wa Dengfeng kwa kinyozi, nikakuta foleni, nikanyolewa vizuri mno, nikarudi mbio, wavu umekunjwa umefungwa kamba tayari, nikaubeba hivyohivyo bila kuufungua. Nikamwalika na yeye aje kunishangilia. Akavaa kitenge kipya, akachukua mkoba wake, tukapanda teksi.

Mwenzangu alionyesha kwa picha na maneno, vizuri tu. Mimi nikasema picha za nini, kasa nitakuwa mimi. Nikajifunga beseni mgongoni kwa mtandio, wanafunzi wawili wakashika mdomo wa wavu kuukokota taratibu kama meli, nikaingia kwa tumbo, nikapunga mikono, watu wakacheka kicheko kizuri. Nikafika kwenye fito, nikapanda, nikasukuma pazia kwa kichwa changu kilichonyolewa.

Halikwenda.

Nikasukuma kwa mabega, wapi, nikajaribu kurudi nyuma beseni likanasa kwenye matundu, nikageuka ubavu mguu nao ukanasa, na wale wawili wanakokota tu, na ukumbi unapiga makofi wakidhani ninaigiza, na kadiri nilivyofurukuta ndivyo walivyozidi kupiga makofi. Kichina chote kikaniruka. Jasho machoni, pumzi fupi, niliogopa kweli, siwadanganyi, nikapiga kelele kwa Kiswahili kwamba nimenasa, na katika ukumbi ule wote aliyejua ninasema nini alikuwa mtu mmoja.

Mama Kulwa alikuja na kitenge chake, akavua viatu, akapiga magoti, akatoa mkasi mkobani (mkasi wa kukatia marobota haumwachi hata akienda kanisani). Nikamwambia nimeshindwa kufungua mlango. Akauliza, "Mlango gani? Lile tundu? Mwanangu, si nililiziba. Niliona umelisahau."

Alikuwa ameshona pazia pande zote, mshono wa robota, tena akatafuta uzi wa rangi ileile ili nipendeze mbele ya walimu. Angenichukia asingejisumbua hivyo.

Alipomaliza kukata wavu pembeni ya mshono nilitoka kichwa kwanza, beseni limepasuka, na ikabidi nisimame niutafsirie ukumbi mzima kilichotokea. Walicheka mpaka wengine wakainamia meza. Laoshi peke yake hakucheka. Aliangalia saa yake akaniuliza humo ndani niliona muda gani umepita, nikamwambia nusu saa. Akasema ni dakika tatu, tena mimi nilikuwa na hewa. Kisha akainama kuuvuta ule mshono kwa mikono miwili, ukakataa kuachia, akaniomba nimuulize mama kama anaweza kushona hivyo kwenye kingo za kifaa kitakachokwenda baharini. Mama akajibu kwamba anaweza, ila safari hii mtu amwonyeshe kwanza pasipotakiwa kushonwa.

Nafasi nilipewa mimi (mwenzangu alinipongeza, na beseni langu akalitundika darasani, bado lipo). Huko baharini, siku ya pili, tuliona kwenye kamera kasa mkubwa akiingia, akagonga fito, akateleza juu, pazia likafunguka, akatoweka kwenye maji. Nililia, na sioni aibu kwa hilo hata kidogo. Tulipopata mtandao nilimpigia baba, akaniomba nimhadithie tena tangu mwanzo. Halafu nikampigia Mama Kulwa.

Nimeapa nikimkabidhi mtu kazi yangu nitamweleza tundu ni la nini, hata kama ninachelewa kwa kinyozi. Lakini kumwachia Mama Kulwa sindano sijutii, maana bila mkono wake ningekuwa nimepewa kwaheri mapema.

"Ametoka?" aliniuliza kwenye simu, kabla hata ya salamu.

"Ametoka, mama."

"Mzima?"

"Mzima."

Nikamsikia akiweka sindano mezani. "Asante Mungu," akasema. "Tangu siku ile namfikiria huyo kasa."