Mwanga wa Picha ya Gichovi

Mpiga picha wa Embu alikuwa na mazoea ya kuinua kila negativu, ile filamu ya kuchapia picha, dirishani na kuitazama kabla ya kuichagulia mwanga. Zile nzito, zenye weusi mwingi, alizibana juu ya karatasi kwa kioo na kuzianika juani. Ndivyo alivyochapa picha za vipande vya utambulisho ambazo serikali ilizidai kila siku tangu Hali ya Hatari itangazwe. Lakini ile ya Gichovi, iliyopigwa jioni ya harusi yake, ilikuwa nyepesi mno, ikipitisha mwanga mwingi. Aliigeuzageuza kwa vidole vilivyogeuka kahawia kwa dawa. “Jua litamfanya mweusi tititi, mama. Huyu anataka taa ya mafuta, tena kwa mbali.” Wambeti, mke wa Gichovi aliyeileta negativu hiyo, alikubali. Mumewe alikuwa kizuizini, na mtoto wao hajapata kumwona. Wakafunga dirisha na mlango.

Taa ilikuwa imeshainuliwa juu ya kioo, na mpiga picha akihesabu sekunde kwa Kiembu, askari alipogonga. “Fungua! Picha za vipande ziko wapi?” “Ngoja kidogo, afande.” Mlango ukasukumwa. Mpiga picha akauegemea kwa mgongo ili mwanga wa nje usiiharibu karatasi, lakini mkono wenye taa haukutikisika, wala hakuacha kuhesabu. Kisha akazima taa na, bila kubanduka mlangoni, kwenye mwanga hafifu wa taa ndogo nyekundu akaitumbukiza karatasi katika dawa. Uso ukajitokeza polepole. “Ni yeye,” Wambeti akanong'ona. “Pua ni ya mtoto kabisa.” Mpiga picha alipoihamishia picha kwenye dawa ya pili, ile ya kuzuia mwanga usiiharibu, na kuiloweka vizuri, ndipo akafungua. Kofi la askari likamwangushia miwani. Akaiokota, akaivaa. “Ishike pembeni, mama,” akamwambia Wambeti. “Bado ni mbichi.”