Mto Uliotuzuia Njia ya Marsabit

Harufu ya dizeli iliyochanganyika na unga wa mahindi ndiyo iliyotupokea ndani ya lori pale Isiolo. Nilikuwa msichana wa miaka tisa, katikati ya miaka ya tisini. Mimi na mama tulikuwa tumetoka nyumbani, mtaa wa Jericho jijini Nairobi, asubuhi ya jana yake, baada ya simu kupigwa ofisini mama alikokuwa karani. Baba, fundi wa pampu za visima, alikuwa kazini Marsabit. Mpigaji alisema maneno mawili tu: "Amezidiwa. Njoo."

Lami iliishia Isiolo. Kutoka hapo magari yalikwenda kwa msafara, askari mbele, askari nyuma, kwa kuhofia majambazi wa njiani. Dereva wetu, Mzee Guyo, Mborana mpole, alitupa nafasi mbele karibu naye. Mashimo yalitutikisa hadi meno. Tulipita vijiji vya maduka manne na msikiti mmoja, kisha nyika tupu, mawe meusi na ngamia ambao nilikuwa nimewaona vitabuni tu. Mama hakutazama chochote. Alikuwa amepakata sweta ya baba, maana tuliambiwa Marsabit kuna baridi.

Baada ya mji mdogo wa Laisamis tukakuta mto. Siku zote huwa mchanga mtupu, lakini mvua ilikuwa imenyesha milimani, mbali, nasi tukaletewa maji ya kahawia yaliyobeba miti mizima. Msafara ukasimama. Mama akashuka, akavua viatu, akaingia hadi magotini. Mzee Guyo akamkimbilia, akamshika mkono.

"Mama, mto huu haubembelezwi. Rudi."

"Mume wangu yuko ng'ambo!"

"Najua. Kawia ufike."

Tulikawia siku mbili. Tulikula ugali mkavu na kuhesabu mawe yaliyochomoza majini. Siku ya pili, adhuhuri, ndege ndogo nyeupe ilipita juu yetu ikielekea kusini. "Ipungie," mama akaniambia, "labda watatuona." Nikapunga kanga yake mpaka ndege ikapotea.

Kesho yake maji yalipungua, tukafika Marsabit. Mwenzake baba kazini alitupokea akiwa ameinamisha kichwa. "Shemeji, mmepishana. Jana amepelekwa Nairobi kwa ndege." Mama aliketi chini, pale pale kwenye matope.

Ikabidi tungoje msafara wa kurudi. Tulipofika Jericho, mabenchi yalikuwa yamepangwa nje ya mlango wetu na akina mama wa kanisa walikuwa wakiimba. Majirani walijua kabla yetu. Baba alikuwa amefariki siku iliyotangulia, katika hospitali iliyo safari fupi kutoka kwetu, bila hata mmoja wetu kando yake.

Mwaka jana kazi ilinipeleka Marsabit. Siku hizi ni lami tupu, na ule mto una daraja pana. Jioni nilimpigia mama simu, nikamwambia nimefika salama, tena mapema.

"Pale mtoni mlichukua muda gani?" akauliza.

"Hata dakika haikuisha, mama."

"Dakika," akarudia. Kisha akakata simu.