Rafaeli na Filamu ya Mwairishi

Rafaeli wa mtaa wa Nguvumali ni mtu wa maneno. Kazi yake ni kutia sauti filamu za nje: Mchina anafoka, Mkorea analia, na Rafaeli, mtoto wa wakata mkonge wa Muheza, anawasemea wote kwa Kiswahili cha matani mpaka kwenye mabanda ya video watu wanashika mbavu. Lugha zao hajui hata moja. Husoma maandishi ya Kiingereza yanayopita chini, mengine akatunga. Na kazi hiyo ina desturi yake: wanaume wawili wakipendana kwenye filamu, mtia sauti huwageuza ndugu. Mwenye banda hataki balaa, mtia sauti naye anataka kula.

Desturi hiyo imemfuata hadi nyumbani. Miaka mingi anakaa chumba kimoja na Himyar, mpiga video za harusi, kijana wa ukoo wa Kiomani. Kwa Bi Ghanima mwenye nyumba, hao ni ndugu wa hiari. Mlango ukifungwa ndipo wanapokuwa wapenzi.

Basi akaingia Kahali. Himyar alikutana na Mwairishi huyo Unguja, kwenye mafunzo ya kamera, na tangu hapo ikawa Kahali kasema hivi, Kahali kasema vile. Kahali anatengeneza filamu kwa Kiairishi, lugha ya bibi zake, ambayo wengi wa kwao wameiacha wakashika Kiingereza. Na filamu yenyewe ni ya wanaume wawili wapendanao, bila kujificha. Wivu ulimpanda Rafaeli hata chai ikamshinda. Kwani yeye Kibondei cha bibi yake hakijui? Nani aliwahi kumsifu?

"Kahali kanipa nakala. Itie sauti, Rafa," Himyar akamwambia. "Si ya bandani. Tutaiona humu humu na wenzetu, watu wa siri yetu. Ila usigeuze kitu."

Rafaeli akakubali kwa mdomo. Studio, kule mtaa wa Usagara, akamwona Kahali mwenyewe akiigiza, mrefu, ndevu nyekundu, kamshika mwenzake mkono mbele ya mama yake. Ndiye huyu anayesifiwa asubuhi na jioni? Ngoja! Akawageuza ndugu, tena ndugu wajinga, wanagombea shamba la baba yao.

Jumapili mchana wakaziba dirisha kwa kanga. Uweso na Anold, wenzao wa siri, wakaja na machungwa, na filamu ilipoanza wakacheka mpaka wakapaliwa. Kahali machozi yanamtoka, sauti ya Rafaeli inalalama: "Mama, mwambie huyu anirudishie minazi yangu!" Rafaeli naye alicheka, huku akimtazama Himyar kwa pembeni. Himyar hakucheka.

Wageni walipoondoka, Himyar akauliza, "Pale mbele ya mama yake, unajua anasema nini?"

"Nimesoma."

"Anasema, 'Mama, huyu ndiye mtu wangu.' Na yule ni mtu wake kweli, wanaishi pamoja. Mimi nilitaka niyasikie maneno yale mara moja tu, kwa Kiswahili, kwa sauti yako. Mlango umefungwa, Rafa. Ulikuwa unamwogopa nani?"

Rafaeli hakuwa anamwogopa mtu. Ulikuwa wivu mtupu, na ilikuwa rahisi kusema hivyo. Badala yake akasema, "Ulimsifu mno."

Himyar akatia kamera na nguo zake kwenye begi, akatoka. Uani Bi Ghanima alikuwa anachambua mchicha.

"Shikamoo, Bi Ghanima."

"Marahaba, mwanangu. Begi la wapi hilo? Mmekosana na mwenzio?"

Rafaeli alikuwa amesimama mlangoni. Aliomba moyoni Himyar aseme lolote la kweli, hata amtukane.

"Ugomvi wa ndugu tu, bibi," Himyar akasema. "Tunagombea shamba la baba."

"Hayo mimi simo," Bi Ghanima akajibu. "Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime."

Himyar akafungua geti. Rafaeli, msemaji wa Wachina na Wakorea, alibaki pale mlangoni akitafuta neno, na Bi Ghanima akarudia mchicha wake.