Keki ya Wafalme na Chapati Zangu za Maji

Kwa miaka sita, Jumanne inayotangulia Jumatano ya Majivu ilikuwa yangu. Hakuna aliyenikabidhi, lakini katika jumuiya yetu ya Waafrika hapa Arlington, Texas, kila mtu alijua kwamba siku ile huliwa chapati za maji, na mpishi ni mimi.

Chanzo kilikuwa padri. Mwaka niliohamia, alitueleza kwamba zamani huko Ulaya Wakristo hawakuacha nyama tu wakati wa Kwaresima, waliacha hata mayai, maziwa na siagi. Basi siku ya mwisho kila mama alitoa vilivyobaki jikoni visije vikaoza, akakaanga, watu wakala na kusaza. Ndiyo maana Wafaransa huiita Jumanne ya Mafuta.

Nikamwambia, "Padri, unga, mayai, maziwa na mafuta? Hiyo kwetu Morogoro ni chapati ya maji!"

Mwaka ule nilipika chapati za trei mbili za mayai. Wakongo walikuja kutoka mji wa Garland baada ya zamu zao, Warundi wakaja na watoto, na mzee mmoja alikula saba, kisha akaniombea baraka.

Halafu, mwaka wa saba, akahamia kwetu mama mmoja kutoka Houston. Alikuwa Mrundi wa rika langu, mpole, na sauti yake ilikuwa ya chini hata ukalazimika kumsogelea ili umsikie. Kule Houston alifanya kazi jikoni kwenye hoteli, na mpishi mmoja wa Louisiana akamfundisha keki ya wafalme. Jumanne ile aliileta juu ya sinia: mkate mkubwa wa mviringo wenye mdalasini, umenyunyiziwa sukari ya zambarau, kijani na dhahabu. Alisema inawakumbusha watu Mamajusi waliomtafuta Mtoto Yesu, ndiyo maana ndani huwa kuna mtoto mdogo wa plastiki. Atakayempata ndiye mfalme wa siku.

Watu walimzunguka. Meza yangu ikabaki na mimi na mvuke. Mume wangu, ambaye siku zote husema hapendi vitu vitamu, alirudi kwa yule mama mara ya pili. Hilo ningelimeza. Lakini binti yangu, ambaye kila nikimsemesha Kiswahili hunijibu Kiingereza, nilimsikia kwa masikio yangu akimwambia yule mama, "Naomba tena, mama." Kwa Kiswahili safi! Moyo ulinichoma kama nimemwagikiwa mafuta ya moto.

Nilichukua kipande changu ili nipate cha kukosoa. Nikauma, na jino likagonga kitu kigumu. Nilijua mara moja ni nini. Ningeweza kupaza sauti, wangenipigia vigelegele. Badala yake nilimsukuma Mtoto Yesu shavuni kwa ulimi, nikajifuta mdomo kwa karatasi, nikamtia mfukoni. Nilitaka keki iishe, mtoto asionekane, na watu waseme yule mama amesahau.

Keki iliisha. Wakaanza kuulizana, "Nani kampata?" Yule mama akasema, "Nilimuweka, ninaapa, nilimuweka mwenyewe." Wengine wakacheka, na nikaona raha. Ilikuwa raha ya dakika mbili hivi.

Kisha mama mmoja Mkongo akasimama ghafla. Mwanawe wa miaka miwili alikuwa anakohoa. "Mwanangu amemmeza!" akapiga kelele. Mumewe alikuwa tayari ameshika funguo za gari, wanakwenda hospitali. Mtoto alikohoa tena, mama akaanza kulia.

"Hajameza," nikasema. Nikarudia, "Hajameza. Ninaye mimi." Nikamtoa mfukoni, bado na sukari ya kijani mgongoni.

Sijawahi kutazamwa vile. Mume wangu aliinamisha kichwa. Yule mama Mkongo aliniambia, "Mama, kweli wewe?" akambeba mwanawe, wakaondoka. Chapati zangu nilizirudisha nyumbani karibu zote.

Jumamosi iliyofuata nilienda nyumbani kwa yule Mkongo nikaomba radhi, akanisamehe akiwa bado amenuna. Wa Houston nilimwogopa zaidi. Nilikaa wiki mbili ndipo nikabisha mlangoni kwake. Alinikaribisha chai.

"Dada," nikamwambia, "nilikuonea wivu. Nisamehe."

"Ninajua," akasema kwa ile sauti yake ya chini. "Nilikuona ukitafuna. Shavu moja lilivimba."

"Sasa mbona ulinyamaza?"

"Nilitaka ujitokeze mwenyewe. Ila ungekawia kidogo tena, siku ile huku yule mtoto anakohoa, ningekutaja."

Akanimiminia chai tena, akaniuliza chapati zangu huwa laini vile kwa sababu gani. Nilimweleza: unga ukishakorogwa, uuache upumzike saa nzima. Aliandika nyuma ya bahasha.

Wiki iliyofuata binti yangu alirudi kutoka kwa yule mama na sahani iliyofunikwa. Nilifunua, nikaonja chapati moja nikiwa nimesimama. Ilikuwa laini kuliko zangu. Nilikula zote tatu, peke yangu, kabla mume wangu hajarudi kutoka kazini.