Mama alimwambia pole, mimi nikatafsiri sori

Dada wa ukurasa huu, naomba unifichie jina na jimbo. Nina miaka kumi na sita, nasoma sekondari, na tunaishi kwenye maghorofa ya kupanga nje kidogo ya Washington. Upande gani wa mto Potomac, sisemi. Mama yangu ni Mtanzania, anafanya usafi hotelini. Mimi ni mtu wa vitabu. Mwalimu akinitaja jina darasani viganja vinatoka jasho. Lakini nyumbani mimi ndiye Kiingereza cha familia. Barua za shule, za kliniki, simu za ofisi ya nyumba, zote zinapita kwangu.

Nina hasira ambayo sijawahi kuwa nayo, na nusu yake ni juu yangu mwenyewe.

Kuta za nyumba yetu zina ukungu mweusi. Mdogo wangu Neema, miaka saba, ana pumu, na tangu tuhamie hapa kifua hakimwachi. Mwaka jana Mama alinikalisha mezani tukaandika malalamiko kwa Mwanasheria Mkuu wa jimbo, kwa sababu tuliambiwa yeye ndiye wakili wa wananchi. Wapangaji wengine wakaandika pia. Kimya. Halafu magazeti yakaanza kumwandika. Mwenye kampuni ya nyumba zetu humkaribisha kwenye nyumba yake ya ufukweni kila kiangazi. Faili la malalamiko yetu halionekani. Dereva wa serikali anawapeleka watoto wa Mheshimiwa kwenye mazoezi ya tenisi. Kila wiki jambo jipya, na kila wiki anatokea kwenye televisheni akitabasamu, anasema hajakosea popote na hajiuzulu. Nilikuwa nasoma habari zake zote kwenye kompyuta ya maktaba, nikiinuka pale taya zinauma kwa kuyabana meno.

Mwezi uliopita alikuja ukumbi wa maktaba hiyo hiyo, kusikiliza wananchi, ndivyo tangazo lilivyosema. Mama aliomba ruhusa kazini, akavaa kitenge chake cha kanisani, akaniambia, "Leo namweleza uso kwa uso. Wewe tafsiri tu. Usiongeze, usipunguze."

Tulisimama foleni ya kipaza sauti saa nzima. Zamu yetu ilipofika, Mama alianza kama anavyoanza na mtu yeyote: "Mheshimiwa, pole na safari. Na pole kwa hayo yanayokukuta magazetini."

Ulikuwa ni utangulizi tu. Mtanzania yeyote anajua kwamba baada ya pole ya namna ile inakuja "lakini". Ila ukumbi mzima ulikuwa umenigeukia, nikatafsiri kama tunavyosema sote huku. Mtu akijikwaa tunamwambia sori, ingawa si sisi tuliomsukuma. Nikasema Mama anasema sori, sori sana kwa yote yaliyoandikwa magazetini.

Yule mtu hakusubiri "lakini". Alishuka jukwaani, akaishika mikono yote miwili ya Mama, akasema watu wote wasikie, "Mama, usijali. Nimekusamehe. Kukubali kosa kunahitaji ujasiri."

Watu wake wakapiga makofi. Wakapiga na picha. Mama hakuelewa, akatabasamu kwa adabu. Kipaza sauti kikapewa mtu mwingine. Nilijua palepale nilichokifanya, kwamba sori kwa Kiingereza ni samahani pia, na sentensi moja ingetosha kukirekebisha. Sikuisema.

Wiki mbili baadaye jarida la ofisi yake likaingia kwenye masanduku ya barua ya jengo zima. Picha ya Mama, na juu yake: mlalamikaji aomba radhi.

Baba Wambui, Mkenya dereva wa teksi, ndiye aliyekusanya sahihi za wapangaji. Alimkuta Mama kwenye chumba cha kufulia, mimi nikiwa naye.

"Dada, kwani ulienda kumuomba huyo jamaa msamaha? Si ungetuambia mapema, tukuchangie maua umpelekee."

"Mimi? Nimwombe radhi kwa kosa gani? Yeye ndiye aniombe mimi."

"Na hii picha ni ya nani sasa? Pacha wako?"

Mama alitoa nguo kwenye mashine zikiwa bado mbichi, tukapanda ngazi. Mlangoni akaniuliza, "Mwanangu, ulimwambia nini yule mtu?"

Nikamwangalia usoni. "Nilitafsiri ulivyosema, Mama. Wao ndio waongo."

Akaniamini. Sasa anamwambia kila jirani kwamba binti yake hasemi uongo, na wengine wameacha kumsalimia.

Alhamisi ijayo kamati ya wabunge wa jimbo inayomchunguza Mheshimiwa itasikiliza wananchi. Baba Wambui amelifuta jina la Mama kwenye orodha yetu ya watakaozungumza. Anasema wakili wa upande wa pili atainua tu ile picha, na sote tutaonekana vigeugeu. Naweza kujiandikisha mwenyewe. Fomu nimeijaza, imo ndani ya kitabu changu cha historia. Lakini nikisimama, Mama atasikia kwamba nilikosea, kisha nikamdanganya. Nikinyamaza, yule mtu ataendelea kutembea na radhi ambayo hakuna aliyemwomba, na Neema ataendelea kulala ameketi, mito mitatu mgongoni, ili apate pumzi.

Najua wapo watakaosema mtoto asijiingize kwenye siasa. Siasa zimeota ukutani kwetu.

Naombeni mnishauri. Nimweleze Mama kabla ya Alhamisi, au asikie kule pamoja na wengine? Na nyinyi mnaozijua lugha zote mbili, nisaidieni neno. Nimepekua kamusi tatu za maktaba, zote zinasema pole ni sori. Nataka kumwambia yule mtu alichosema Mama hasa, kwa neno ambalo safari hii hataweza kulipokea kwa mikono miwili.